Kupasha Nyumba Joto Huku Molo na Nakuru: Anza na Moshi, Kisha Dari, Kisha Mianya

Mama yangu alitoka Busia mwezi wa saba kuja kumwona mjukuu wake. Kwao Busia baridi ni habari ya kusimuliwa. Huku Molo tuko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi huo joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ukiamka alfajiri unakuta mabati yanadondosha matone kitandani ilhali nje hakujanyesha. Usiku wa pili mama aliniuliza, "Mwanangu, hii nyumba ina kuta kweli, ama mnalala nje?"

Mimi ni seremala, na swali lile liliniuma. Kesho yake jioni mimi na mke wangu tulichukua magunia tukaziba kila ufa wa chumba alicholala mama na mtoto. Kisha tukaingiza jiko la makaa. Tulingoja nje mpaka likashika vizuri, makaa mekundu, hakuna moshi hata chembe, tukaamini liko salama. Saa nne usiku mtoto alianza kutapika. Nilipofungua mlango nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda ameshika kichwa, anataka kusimama na miguu haimtii. Tuliwabeba nje kwenye ile baridi, na usiku huohuo wakawekewa oksijeni hospitalini. Walipona. Daktari alituambia kwamba kama tungelala hadi asubuhi bila kufungua, tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Tangu hapo nimepiga dari na kutengeneza milango ya nyumba nyingi kuanzia Elburgon hadi Njoro, na jambo ninalomwambia kila mwenye nyumba ni la mpangilio wa kazi. Watu wengi huanza kwa kuziba mianya, kisha wanaingiza moto. Mpangilio huo unaua. Moto upate kwanza njia ya kutolea moshi na gesi yake, au uhamishwe kabisa. Baada ya hapo ndipo upige dari, na mianya ije baada ya dari. Kununua hita ni jambo la mwisho kabisa, na mara nyingi ukifika hapo huihitaji tena.

Hatua ya kwanza: ikague nyumba

Usinunue kitu kingine chochote kabla ya kazi hii. Nunua kipimajoto cha ukutani, kile cha bei ndogo kinatosha, ukitundike chumba cha kulala kimo cha kifua, mbali na dirisha. Andika joto saa mbili usiku, saa nne, kisha saa kumi na moja alfajiri. Fanya hivyo siku tatu. Kama unatumia stima ya tokeni, andika pia yuniti zilizobaki kwenye mita usiku na asubuhi.

Mchana wa jua, funga mlango na mapazia, uzime taa, usimame katikati ya chumba. Kila mahali unapoona mwanga, hapo ndipo joto linapopitia. Tia alama kwa chaki. Usiku wenye upepo rudia kwa mshumaa: upitishe polepole kando ya fremu za madirisha, chini ya mlango, na pale ukuta unapokutana na paa, ukiangalia mwali unainama upande gani. Uuweke mbali na pazia.

Katika nyumba nyingi za mbao utaona mwali ukilala kabisa pale juu, kati ya ukuta na mabati. Wenye nyumba hushangaa, kwa sababu wao baridi wanaisikia miguuni. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda na kutorokea juu, na nafasi yake inajazwa na hewa baridi inayoingilia chini ya mlango. Kwa hiyo unayoisikia mguuni imeletwa na tundu lililo juu ya kichwa chako.

Hatua ya pili: moto upate njia ya kutoka

Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikeri macho kama moshi. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu anaendelea kupumua kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, na usingizi mzito. Ukiona watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na kuna jiko ndani, usitafute panadoli. Toeni kila mtu nje, fungueni milango, muende hospitali hata kama mnajisikia nafuu. Mtoto mdogo na mama mjamzito ndio wanaoumia zaidi.

Lile jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo limeenea Kenya tangu miaka ya 1980, ni jiko zuri sana la kupikia. Linakula makaa machache kuliko lile la bati tupu kwa sababu udongo unashika joto. Lakini gesi yake ni ileile. Kadhalika jiko la kuni la udongo linalojengewa sakafuni, lile la akina mama wa Kisumu na magharibi kwa jumla: linaokoa kuni ukililinganisha na mawe matatu, ila bila bomba la moshi halifai kupashia chumba cha kulala. Makaa kukolea na kuacha kutoa moshi hakuondoi hatari. Hapo ndipo tulipokosea sisi.

Una njia mbili. Ya kwanza, kama unapikia kwenye jikoni la nje, uliache moto huko huko, na joto uliingize ndani likiwa kwenye maji. Nitalifikia. Ya pili ni kuweka jiko la chuma lenye mlango na bomba la moshi, linaloungua kuni huku likipasha sebule. Mafundi wa kuchomelea wa hapa Molo na mjini Nakuru wanalitengeneza kwa chuma kizito. Ukiagiza, sisitiza mambo haya:

Mlango wa jiko ufunge vizuri, na uwe na kidirisha cha kurekebisha hewa. Jiko lisilofungika linakula kuni kama moto wa nje.

Bomba lipande wima kadiri inavyowezekana, kona chache. Juu ya paa lizidi kwa angalau sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3 kutoka lilipo, la sivyo upepo utausukuma moshi urudi ndani. Liwe na kofia ya kuzuia mvua.

Pale bomba linapopita kwenye mbao za dari na paa, acha nafasi. Kwa bomba la tabaka moja mimi huacha sentimita 45 pande zote bila mbao, kisha nafasi hiyo naiziba kwa bati. Najua linaonekana shimo kubwa na mwenye nyumba hulalamika. Ila mbao iliyokaa karibu na bomba la moto hukauka mwaka baada ya mwaka mpaka siku moja inashika moto kwa joto ambalo mwanzoni lisingeifanya lolote.

Jiko likae juu ya saruji au mawe, si juu ya mbao. Na chini ukutani, karibu na jiko, toboa tundu la kuingiza hewa, uliwekee wavu wa panya, na usilizibe kamwe. Moto unaotoa hewa nje kwa bomba lazima upate hewa nyingine ya kuingia. Usipoipa njia, itaanza kushuka kwa bomba ikiwa imebeba moshi.

Kuhusu kuni, pasua na uzipange chini ya kibanda mwezi wa kwanza, jua likiwa kali, ili mwezi wa saba ukifika ziwe zimekaa miezi sita. Kuni mbichi inatumia sehemu kubwa ya moto wake kuchemsha maji yaliyo ndani yake yenyewe, na mvuke huo ukikutana na bomba baridi unaganda pamoja na moshi kuwa masizi ya lami. Gonga vipande viwili vya blugamu: vikavu vinalia kwa sauti kali, vibichi vinatoa mlio wa kufifia. Angalia pia ncha, kuni kavu imepasuka nyufa kama miale.

Nisisahau maranda, maana Elburgon na Molo ni nchi ya viwanda vya mbao na maranda yanapatikana kwa wingi. Chukua mkebe wa rangi wa lita 20, toboa tundu upande wa chini, ukubwa wa mti wa jembe. Ingiza mti mmoja kwenye tundu hilo ukiwa umelala, na mwingine simamisha katikati ya mkebe ukutane nao. Mwaga maranda makavu kidogo kidogo ukishindilia kwa ngumi, tabaka kwa tabaka, mpaka mkebe ujae na uwe mgumu kama udongo wa njia. Kisha uchomoe miti yote miwili ukiizungusha taratibu. Ukiharakisha, maranda yanaporomoka na inabidi kuanza upya. Utabaki na njia ya hewa yenye umbo la kiwiko. Washa kwa kijiti kutoka chini. Jiko hilo litawaka kwa saa nyingi bila kuongezewa kitu, na maji ya familia nzima yatachemka. Liweke nje au jikoni penye hewa tele. Moshi wake ni mwingi linapoanza na linapokaribia kwisha.

Hatua ya tatu: dari

Hapa ndipo pesa yako ifanye kazi. Mabati ni karatasi ya chuma isiyofika unene wa nusu milimita. Usiku usio na mawingu, paa la mabati linarusha joto lake kuelekea angani na linaweza kuwa baridi kuliko hata hewa ya nje. Mvuke wa pumzi zenu na wa chai unapanda, unalikuta paa hilo, unageuka matone. Ndiyo ile mvua ya alfajiri niliyoitaja. Ukipiga dari, au silingi kama tunavyoiita huku, unaweka tabaka la hewa tulivu kati yako na bati, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto. Pia unapunguza ukubwa wa chumba unachopasha. Hakuna faida ya kupasha joto pembetatu iliyo juu ya vichwa vyenu.

Kwa chumba cha futi 10 kwa 12, hesabu ya plaiwudi ni rahisi. Shiti moja ni futi 8 kwa 4. Panga shiti tatu nzima zikifuatana kwenye ule upande wa futi 12, zitafunika futi 8 kwa 12. Itabaki ukanda wa futi 2 kwa 12. Shiti ya nne ipasue katikati kwa urefu upate vipande viwili vya futi 8 kwa 2, na hivyo vinatosha ukanda huo na kubakisha futi 4. Kwa hiyo ni shiti nne. Fundi akikuandikia sita kwa chumba hicho, mwombe akuchoree mchoro. Mbao za kushikilia ni za inchi mbili kwa mbili, ukizipanga kila baada ya futi 2 ili shiti isilegee katikati. Kimo cha futi 8 kutoka sakafuni kinatosha nyumba ya kawaida.

Mbao za saiprasi za kuchomekana ni nzuri zaidi kwa macho na zinadumu, ila hakikisha zimekauka. Nimeona dari iliyopigwa kwa mbao mbichi mwezi wa nne, kufika mwezi wa kwanza mwaka uliofuata kila mbao imesinyaa na kuacha ufa wa kupitisha sarafu. Jipsamu inafaa nyumba za mawe za mjini kama Kiamunyi au Lanet, lakini paa likivuja inalainika na kuanguka. Rekebisha paa kwanza.

Kosa ninaloliona kila mara ni kuziba mahali pasipotakiwa. Fundi anapiga dari, kisha mwenye nyumba anakwenda kuziba uwazi ulio chini ya mabati, juu ya dari. Uwazi huo uache. Sehemu iliyo juu ya dari inatakiwa ipumue, ili unyevu unaopenya utoke badala ya kuozesha mbao na kuloanisha dari. Kinachotakiwa kuzibwa ni kingo za dari yenyewe, pale inapokutana na ukuta. Piga ukanda wa mbao pande zote, na pale penye ukuta uliopinda jaza kwanza kwa mchanganyiko wa gundi ya mbao na maranda laini. Shimo la kupandia darini liwekewe kifuniko kinachokaa sawasawa, chenye kipande cha blanketi kuukuu pembeni. Shimo moja lililoachwa wazi linapoteza sehemu ya kazi uliyoilipia.

Ukiwa na uwezo, tandaza juu ya dari pamba ya kioo, au piga ile karatasi inayong'aa rangi ya fedha chini ya mabati kabla ya dari. Ukishika pamba ya kioo, vaa glavu na uzibe pua. Wengine huniuliza kuhusu kumwaga maranda au katoni juu ya dari. Mimi sikubali. Panya hufanya makao humo, na nyaya za stima zinapita hukohuko juu. Cheche moja inatosha. Kabla ya kufunga dari mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aangalie nyaya na aziweke ndani ya mabomba yake, kwa sababu baada ya hapo hutaziona tena.

Ndugu yangu anaishi Kisumu, hajui baridi, na bado alipiga dari ya namna hiyohiyo. Huko kazi yake ni saa nane mchana, bati linapowaka juu. Ni fizikia ileile, imegeuzwa tu.

Hatua ya nne: mianya

Sasa, na si kabla ya sasa, ziba.

Anza na mlango wa nje. Kata ukanda wa tyubu kuukuu ya gari, upana wa inchi 3, upigilie chini ya mlango upande wa ndani kwa misumari ya kichwa kipana, ukiacha mpira uguse sakafu kidogo tu. Ukigusa sana mlango utakuwa mzito na watoto watauacha wazi. Pembeni mwa fremu tumia ukanda wa sponji wa kubandika. Hii ni kazi ya saa moja na siku hiyohiyo utaisikia tofauti miguuni.

Kwa ukuta wa mbao, piga fito nyembamba juu ya kila ufa upande wa nje, ili mvua nayo isiingie. Ndani, wazee wetu walibandika magazeti kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, na kusema kweli yale magazeti yalifanya kazi: karatasi nyingi zilizoshikana zinazuia upepo kabisa. Usiyabandike karibu na jiko wala karibu na taa ya mafuta. Ukipata pesa baadaye, ukuta wa pili wa plaiwudi ndani utakupa tabaka la hewa kama lile la dari.

Madirisha ya chuma yakiwa na vioo vinavyocheza, kwangua ile pati ya zamani upake mpya. Mapazia yawe mazito, yafike chini ya kizingiti, na yafungwe jua linapotua. Ukingoja mpaka usiku uingie, umeshapoteza joto la mchana. Asubuhi jua likitokea, fungua yote.

Yale matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha ndiyo yanayoleta ubishi. Chumba chenye jiko la gesi, la mafuta, au moto wa aina yoyote: usiyazibe hata moja. Chumba cha kulala kisicho na moto: ziba la upande wa upepo, acha moja wazi. Watu wanne wakilala kwenye chumba kilichozibwa kila upande, asubuhi ukuta unatiririka maji, ukungu unaota nyuma ya kabati, na kama mmoja ana kikohozi kitawafikia wote.

Mpangaji wa nyumba ya mawe mjini Nakuru hawezi kuvunja dari ya mwenye nyumba. Kwako zulia sakafuni, pazia zito, na tyubu ya mlango vinatosha, na ukihama unavibeba.

Hatua ya tano: maji ya kuoga

Katika nyumba yenye shawa ya umeme, mara nyingi hiyo ndiyo mla yuniti mkubwa. Soma kibandiko chake. Nyingi ni za wati 5,400 au karibu na hapo. Kuoga dakika 10 kunakula yuniti 0.9. Familia ya watu watano, kila mmoja dakika 10 kila siku, ni yuniti 4.5 kwa siku na 135 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyoandikwa kwenye risiti yako ya tokeni uone mwenyewe.

Lita 15 za maji ya karai, kutoka nyuzi 15 hadi 40, zinahitaji yuniti 0.44 hivi. Ni karibu nusu. Sisemi kila mtu arudi kwenye karai, lakini dakika 5 badala ya 10 ni mazungumzo ya mezani yasiyogharimu kitu.

Sola ya maji moto yenye mirija ya kioo inafanya kazi vizuri mjini Nakuru na kuelekea Naivasha, penye jua zaidi. Huku juu Molo mwezi wa saba mawingu hukaa siku nzima, kwa hiyo panga uwe na njia ya akiba. Hakikisha mabomba ya maji moto yamevalishwa sponji yake, hasa yale yanayopita nje. Bila hiyo, maji yaliyopashwa na jua hufika bafuni yamepoa.

Kama tayari una jiko la kuni, kuni busta, yaani chombo cha kupashia maji kwa moto wa kuni, itakupa maji moto kwa kuni zilezile. Sharti moja nakuomba uliheshimu: lazima iwe na bomba la kupumulia lililo wazi, linalopanda juu kuliko tangi la maji baridi, lisilo na mfereji wala kizibo. Maji yakichemka ndani ya chombo kilichofungwa, chombo kinapasuka. Fundi akikuambia bomba hilo si la lazima, mlipe nauli yake aende.

Koili ya kutumbukiza kwenye ndoo sitaipendekeza. Mtu husahau na kutia mkono kwenye maji kabla ya kuchomoa, na watoto wapo.

Hatua ya sita: kitanda, na hita kama bado unaitaka

Hita ya wati 2,000 inakula yuniti 2 kwa saa. Ukiiwasha saa moja jioni hadi saa nne, ni yuniti 6, na kwenye nyumba isiyo na dari joto hilo linakwenda moja kwa moja kwa ndege wa angani. Ukishafanya hatua za juu na bado una mzee au mtoto mchanga anayehitaji joto zaidi, inunue, uichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni za bei ya chini zinayeyuka. Ikae mita moja kutoka kwa blanketi na nguo, na izimwe kabla ya watu kulala.

Lakini jaribu kwanza kumpasha mtu badala ya chumba. Chupa ya mpira ya maji moto, imevikwa soksi nzito, ikitiwa kitandani nusu saa kabla ya kulala, inampasha mama yangu kuliko hita yoyote. Maji yake yanatoka kwenye jikoni la nje, wakati githeri inapoiva. Na githeri yenyewe ikishachemka vizuri, tunaitia sufuria kwenye kikapu kilichojazwa matambara na blanketi kuukuu, tunaifunika, inamalizia kuiva kwa joto lake yenyewe. Moto unazimwa mapema kwa muda wa saa mbili.

Wakati wa kufanya kila kazi

Mwezi wa kwanza na wa pili: pasua kuni, nunua mbao za dari zilizokauka, rekebisha paa. Mwezi wa tatu, kabla mvua ndefu hazijakolea, bomba la moshi liwe limeshapita kwenye paa na kuzibwa vizuri kwa bati, maana kutoboa mabati wakati wa mvua ni kujitafutia uvujaji. Dari unaweza kuipiga mvua ikinyesha. Mianya imalizike mwezi wa tano.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, jiko likiwa baridi, fungua bomba ugonge kwa kijiti kutoka chini kwenda juu. Ukisikia vipande vinaanguka ndani, lipige brashi mpaka sauti ibadilike iwe ya bati tupu. Rudia katikati ya mwezi wa saba kama kuni zako hazikuwa kavu. Kisha kitazame tena kile kipimajoto saa kumi na moja alfajiri, ulinganishe na namba ulizoandika kabla ya kuanza. Kwangu, chumba alicholala mama kilikuwa nyuzi 9. Alipokuja mwaka uliofuata kilikuwa nyuzi 15, jiko likiwa sebuleni na mlango wa chumba ukiwa wazi nusu, na usiku ule aliondoa blanketi moja kati ya matatu akaliweka miguuni.